Karai Juu ya Landrova

Mtu akiingia kwangu na matope hadi magotini, mimi humkemea kwanza ndipo nimsalimie. Kiogora nilimkemea. Aliteremka kwenye Landrova, akavua viatu pale pale uani, akasimama na soksi kwenye maji akisema, "Pole, tata." Tata ni shangazi kwa Kigikuyu, na yeye ni Mmeru wa Nkubu, hakuna aliyemlazimisha kujua neno hilo. Nikamwambia avae viatu vyake aache ujinga. Tangu hapo nilimpenda, na ninalisema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na kinyongo naye.

Alikuwa ameleta wazee wake kwa ajili ya Warigia, binti wa kaka yangu Mutahi. Wawili hao walikuwa wakijuana tangu mwaka uliotangulia, na tarehe tukaipanga sisi wakubwa. Warigia nimemlea mimi. Mama yake alifariki mtoto hajaanza hata shule, na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kunishinda, basi tukawa watatu hapa Endarasha: kaka yangu na ng'ombe wake, mimi na ukali wangu, na huyo mtoto katikati yetu. Alisoma, akawa nesi, akaajiriwa hospitali moja Mombasa. Siku hiyo alitakiwa awe amekaa kando yangu amevaa lile gauni la kijani nililomshonea.

Hakuwapo. Ule ulikuwa mwaka wa mvua ya El Niño. Sisi watu wa Kieni tumezoea kuangalia mlima na kuomba wingu, mwaka huo tuliomba liondoke. Viazi vilioza ardhini. Barabara ya Mombasa ilikatika na mabasi yakasimama, na Warigia akapiga simu shule ya sekondari hapa jirani kutuachia ujumbe kwamba hana njia. Asubuhi yake nguzo za simu za shule nazo zikalala. Wakati huo wazee wa Meru walikuwa tayari njiani, wanasukuma Landrova kutoka kwenye shimo moja hadi jingine, na muratina imeiva kwenye kibuyu. Pombe haijui kungoja barabara.

Sasa nieleze jambo hili, maana bila hilo hamtaelewa kilichotupeleka juu ya gari. Kwetu wazee hawanywi pombe ya uchumba mpaka msichana aulizwe. Baba yake husimama kando ya kibuyu, humwita, humuuliza mbele ya watu wote: pombe hii imeletwa na watu hawa kwa ajili yako, tuinywe? Msichana akisema mnywe, anaonja kidogo, anampa baba yake pembe ya kunywea, na shughuli inaendelea. Akisema msinywe, kibuyu kinarudi kilikotoka. Ndivyo tunavyoambiwa. Mimi katika maisha yangu sikuwahi kumsikia msichana aliyesema msinywe. Niliulizwa na mimi pia, wazee wamekaa, mbuzi ameshachinjwa, mkono wa mama uko mgongoni mwangu. Nilisema mnywe.

Basi wageni wakaketi barazani chini ya mabati, mvua inanyunyiza, na kibuyu katikati yao. Mzee Miriti, mjomba wa Kiogora na msemaji wao, akasema maneno mazuri ya kututuliza: msichana ni wetu sote, atakuja akija, sisi tuendelee tu. Kaka yangu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Mutahi hukubali kila kitu ili watu waondoke akalale.

Lakini tulikuwa na Mzee Kihara, jirani yetu, ambaye hajawahi kukosa neno. "Ati tuendelee tu? Hii pombe siwezi kunywa kama msichana hajaulizwa. Nikinywa hii, kesho nitaitwa mwizi."

"Yuko Mombasa, mzee," Miriti akasema.

"Basi pombe ingoje Mombasa."

 Miriti aliangalia kibuyu, akaangalia barabara waliyokuja nayo, nikaona uso wake unarefuka. Kurudi Meru na pombe ambayo haijaguswa ni aibu ambayo hata mtoto wa kule angeisimulia. Hapo ndipo Kiogora alipoinua mkono kama yuko darasani.

"Iko simu kwa gari," akasema.

Kiogora alikuwa akifanya kazi na kampuni moja ya kuzungusha watalii, huko Samburu na kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na hiyo simu ilikuwa ya kazi, ya kusaidia gari likikwama mahali ambapo hakuna hata duka. Nilikuwa nimesikia habari za simu zisizo na waya. Nilidhani ni za mawaziri. Nikaacha sufuria jikoni nikaenda kutazama, na wazee wote wakaja nyuma yangu wakijifanya wananyoosha miguu.

Simu yenyewe ilikuwa kwenye mfuko mweusi, na kipokezi kimeunganishwa na waya uliosokotwa. Kando kulikuwa na spika ndogo, ili dereva aongee bila kushika kitu. Na kulikuwa na antena peke yake, fimbo nyembamba yenye waya uliojiviringa katikati, imesimama juu ya kitako kizito cha duara, na waya mrefu unaoingia dirishani. Nikamuuliza hiyo fimbo ni ya nini ikiwa simu yenyewe iko ndani.

"Simu ndani ya gari ni kama mtu amejifunika blanketi, tata. Antena inatoa kichwa nje."

"Na sauti inapitia wapi?"

"Hewani, mpaka kwa mtambo ulio upande wa Nyeri mjini. Kutoka pale inaingia kwa waya za kawaida."

"Na ikikutana na mvua?"

"Inapita."

"Na sauti za watu wengine huko hewani, hazigongani?"

Akacheka. Alisema swali hilo hata yeye alimuuliza mwalimu aliyewafundisha kuitumia, na mwalimu alijibu kwa maneno mengi sana ambayo hakuyaelewa. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Vijana wenye vyombo vipya huwa wanajua kila kitu.

Chini ya kitako kulikuwa na sumaku. Kiogora akakiweka juu ya paa la Landrova kwa madaha, kama mtu anayevisha mtoto kofia, akakiachilia. Kikateleza, kikaning'inia kwa waya wake. Akakirudisha. Kikateleza tena. Kihara akaguna. Kijana akagongagonga paa kwa vidole, akasikiliza, kisha akaanza kujicheka mwenyewe.

"Gari la ofisi ni la chuma, sumaku inang'ang'ania huwezi kuibandua. Hii Landrova ni sufuria tupu, tata. Bodi yake ni aluminiamu. Sumaku haiijui."

"Hiyo ndiyo gari mnapanda nayo mlima?" Kihara akauliza. "Sufuria?"

Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nyuma ya zizi kulikuwa na karai la fundi aliyetujengea tangi, tunalitumia kunyweshea ndama. Nikalimwaga maji, nikalipindua, nikamletea. Sumaku ikalikamata karai kwa kishindo hata Miriti akarudi nyuma. Kiogora aliniangalia, akaliangalia karai, akasema hata mwalimu wake hakulifikiria hilo. Sisemi nilivimba kichwa, lakini nilifunga leso upya.

Karai likawekwa juu ya paa. Kiogora akaniketisha kwenye kiti cha dereva, akanionyesha kioo kidogo cha simu. Mtambo ukipatikana, akasema, vijiti vitasimama hapo. Vikiwa havipo, ni kazi bure. Hakukuwa na kijiti. Boma letu liko kwenye bonde, na kilima kiko upande wa mjini. Akashauri tupande na gari hadi kilimani. Kihara akasema pombe haifuati msichana kilimani, anaulizwa nyumbani kwa baba yake, kando ya kibuyu. Kwa hilo hata mimi nilikuwa upande wake.

Basi kijana akavua koti, akakanyaga boneti, akapanda juu ya paa. Akaliinua karai kwa mikono miwili mpaka juu ya kichwa, limeangalia chini, antena imesimama juu yake.

"Tata, kuna kitu?"

Kijiti kimoja kikasimama. Akageuka kidogo kuelekea mjini, kikasimama cha pili. "Kaa hapo hapo," nikamwambia, "usipumue."

Namba ya hospitali ilikuwa kwenye mkoba wangu wa kanisani. Nikaibonyeza kama alivyonielekeza, kila kitufe kinalia. Sikuwahi kupiga simu maishani mwangu, za shule niliitwa tu kupokea. Nilisikia mlio mbali, kisha mwanamke wa Mombasa akitaka kujua nani mwenzangu. Nikamwambia ni shangazi wa nesi Warigia, naita kutoka Endarasha, na tafadhali aende mbio kwa sababu kuna mtu amebeba karai. Alienda, sijui alifikiri nini.

Halafu mtoto wangu akasema, "Haloo?" na sauti yake ikatoka kwenye spika ikajaa ua mzima. Kaka yangu akavua kofia. Majirani waliokuwa wanachungulia kwenye ua wa michongoma wakasahau kujificha.

"Warigia, ni mimi, Tata Watiri."

"Tata? Simu ya shule imepona?"

"Ni simu ya Kiogora. Tuko uani."

"Uani wapi?"

Kiogora akapaza sauti kutoka juu, furaha imemzidi: "Warigia, nimepanda juu ya gari na karai kichwani. Nikilishusha unapotea kabisa."

Alicheka. Nakumbuka vizuri kwamba alicheka.

Kihara naye hakuwa ameridhika. Sauti si uso, alisema, na watu wa simu wanaweza kutuwekea msichana yeyote. Akasogeza mdomo karibu na spika, akaiuliza kwa ukali ng'ombe aliyemwaga maziwa yangu jikoni siku ya ubatizo wa Warigia aliitwa nani.

"Nyange," spika ikajibu. "Na aliyemwacha aingie jikoni ni wewe, Mzee Kihara."

"Ni yeye," Kihara akasema.

Mutahi akatoka mvuani, akasimama kando ya kibuyu ambacho walikuwa wamekisogeza hadi ukingo wa baraza. Kaka yangu si mtu wa maneno, na hayo aliyokariri usiku kucha yakamtoka yote kwa mkupuo mmoja. "Warigia mwanangu. Watu hawa wametoka Meru kwa ajili yako. Wameleta pombe. Tuinywe?"

Tukangoja. Spika ilikuwa kimya. Mvua ikasikika kwenye mabati. Tukangoja zaidi.

Kihara akapiga fimbo chini. "Amenyamaza. Msichana akiulizwa akinyamaza ni haya, na haya ndiyo kukubali. Hata mke wangu alinyamaza. Mimina."

Wazee wakashusha pumzi wote pamoja. Miriti alikuwa na pembe mkononi tangu zamani, akainamisha kibuyu, na muratina ikaanza kuingia. Mimi nikatupa jicho kwenye kioo cha simu. Hakukuwa na kijiti hata kimoja. Nikatoa kichwa dirishani, nikamwona Kiogora ameegemeza karai begani, anafuta mvua machoni kwa mkono wa shati.

Sijui nilitoka garini vipi. Najua tu nilishika pembe ile na Miriti ameishika, na pombe ikanimwagikia. "Hajanyamaza," nikasema. "Amekatika. Hata swali huenda hakulisikia. Mkinywa hapo mmekunywa jibu la karai."

Miriti aliniangalia vibaya. "Mama, unataka msichana aseme nini tofauti?"

"Nataka aseme. Basi."

Kusema kweli nilitaka aseme mnywe. Nilikuwa nimeshampanga huyo kijana moyoni, na kiti chake jikoni nilikuwa nimeshakichagua. Lakini nilitaka kulisikia kwa masikio yangu, na sijui hata leo ni nini kilichonishika hivyo. Nikarudi garini. Kiogora akainua karai tena, akiomba radhi, na nikapiga upya. Safari hii Warigia mwenyewe ndiye aliyepokea, alikuwa amesimama kando ya simu akingoja.

Baba yake akamuuliza tena, maneno yale yale.

Kukawa kimya, na mimi macho kwenye vijiti. Vilikuwa viwili, vimesimama imara. Huo haukuwa ukimya wa simu.

"Kiogora," Warigia akasema, "ni wewe bado umeshika?"

"Ni mimi."

"Ukishusha nitapotea?"

"Utapotea."

"Basi nishikie mpaka nimalize. Tafadhali."

Nadhani Kiogora alijua hapo hapo jibu litakuwa nini. Mimi nilijua. Nilitoa kichwa nje kumtazama. Angeteremsha mikono tu. Karai la fundi ni zito, mvua inanyesha, mtu yeyote angechoka, na hakuna mzee pale ambaye angemlaumu. Wangesema mtandao. Kihara angepiga fimbo yake, pembe ingejaa, na mke angekuwa wake kabla ya giza. Mishipa ya shingo ilimtoka. Akapanua miguu juu ya paa, akaliinua karai juu zaidi.

"Baba, msinywe," Warigia akasema.

 Mutahi akauliza, polepole, kama kiziwi, "Umesema?"

"Msinywe. Kiogora hajanikosea kitu. Ni mtu mzuri, hata tata atakuwa ameshampenda, najua. Lakini mlipanga tarehe, mkanipa tarehe. Nilipanga safari ya kuja kujibu swali ambalo mmeshalijibu."

"Na kwa nini hukusema mapema?" Sauti ya kaka yangu ilikuwa imepasuka.

"Nani aliniuliza mapema? Na ningekuwa hapo leo, baba, ningesema mnywe. Ningeangalia sura zenu, niangalie mbuzi, niangalie hawa wazee wa watu na matope yao, niseme mnywe. Huku niko peke yangu kwenye ofisi. Nimeona kwamba naweza kusema."

Nilikasirika naye kiasi cha kutaka kuingia kwenye ile spika nimvute nje kwa sikio. Na chini ya hasira hiyo, nisifiche, nilisikia mgongo wangu mwepesi, pale pale mkono wa mama ulipokuwa. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu pamoja na nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva sijui nishike nini.

Miriti akamimina kile kidogo kilichobaki kwenye pembe kurudi kibuyuni, hakumwaga hata tone, akapiga kizibo. Kihara akaangalia juu ya gari, akaiegemeza fimbo yake ukutani.

"Kiogora," spika ikasema. "Una neno?"

Mikono yake ilikuwa inacheza sasa, na kijiti kimoja kilikuwa kinakuja na kwenda.  "Ningekuuliza mimi mwenyewe," akasema, "kabla ya wazee, sisi wawili tu. Ungesemaje?"

"Sijui," Warigia akasema. "Hukuuliza."

"Ni kweli."

"Asante kwa kunishikia."

"Haya," akasema Kiogora. "Nashusha." Na hata hivyo akangoja mpaka aliposikia Warigia ameweka simu yake chini.

Wazee wa Meru hawakukaa. Kibuyu kilirudi nyuma ya Landrova, kikazungushiwa gunia kisitikisike. Mutahi aliwaaga kwa mikono miwili mmoja mmoja, na yeye na Miriti walishikana muda mrefu. Nilimwambia Kiogora kwamba haendi popote na nguo hizo bila chai, na kwa vile nilisema kwa ukali wangu wa kawaida, alinifuata jikoni.

Nilimpa kikombe. Chai ikamwagika kwenye magoti, na alipojaribu kukiweka chini hakuweza kukunjua vidole vilivyoshika karai muda wote ule. Alinitazama kwa aibu. Hakuwa mtu wa kulia, hakulia. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nikakichukua kikombe mkononi mwake, nikamnywesha mpaka kikaisha.